Maneno Meupe ya Tovuti ya Senge

Nawaambia haya kwa sababu wengine wenu mmeshayasikia Kiptere yakiwa yametiwa chumvi, na afadhali myasikie kwangu mwenyewe niliyeaibika: ni kweli, watu walichuma shamba la shangazi yangu asubuhi nzima kwa kudanganywa, na aliyewaita ni mimi, na sikuwaita kwa mdomo, niliwaita kwa maandishi ambayo nilihakikisha hakuna mtu angeyaona.

Huyo shangazi ni senge wangu, dada ya baba, mwalimu aliyestaafu kule Kimulot. Pensheni yake yote aliimimina kwenye vyumba vitatu vya wageni, madirisha yanatazama majani chai mpaka msitu wa Mau, mablanketi mapya, kila kitu, na miezi ikapita humo hakulala hata paka. Kanisani walishaanza kumuuliza kwa upole kama vyumba haviwezi kuwa stoo ya mbolea. Akaniita mimi, maana nina saiba, duka la intaneti, pale Kiptere sokoni, na kompyuta nilisomea chuoni Kabianga, akaniambia, "Chelangat, wewe ndiye unajua hii mambo ya mtandao. Vikikaa tupu mpaka Krismasi, mimi nafunga."

Nikamtengenezea tovuti, tena nzuri, sijisifu (najisifu kidogo). Namba yake ya simu alikataa iwekwe, aliogopa matapeli, kwa hivyo nikaweka picha, ramani na maneno "Fika tu, karibu". Halafu nikaanza kazi yenyewe, ya kutia maneno ambayo watu huandika kwenye simu wakitafuta kitu, kwa sababu tovuti isiyo na maneno hayo ni kibanda kilichojengwa nyuma ya vibanda vingine. Nikatia "nyumba ya wageni Kimulot". Nikatia "malazi karibu na msitu". Nikangoja, na ukurasa wetu ukakaa kule nyuma kabisa ambako hata mwenye tovuti hafiki. Basi nikaangalia watu wa huku kwetu hutafuta nini hasa, na hayakuwa malazi. Tangu mashine zianze kuchuma chai kwenye mashamba makubwa, watu wanatafuta kitu kimoja tu, kazi.

Hapo ndipo shetani alinikalia begani, na wala hakuhitaji kusema mengi. Nikajiambia watu ni watu, wakiufungua ukurasa wengi utapanda, ukipanda mtalii wa Nairobi atauona, na senge hatafunga. Nikaandika kule chini, "nafasi za kazi Kericho, kazi ya majani chai Bomet, kazi bila cheti Kimulot leo", nikarudia na kurudia mpaka nikachoka, herufi nyeupe juu ya weupe, mgeni asione lakini mtambo wa kutafuta mtandaoni usome.

Ukapanda, jamani, mpaka juu. Nikapiga picha ya skrini nikamtumia senge, na yale maandishi madogo chini ya jina la nyumba yake sikuyasoma (nani huyasoma?), kumbe mtambo ulikuwa umeyaokota maneno yangu meupe na kuyaanika pale kila mtu ayaone. Badala ya kusoma nikampigia kumpa mafunzo. Nikamwambia wageni wa siku hizi hulipia kuchuma chai wenyewe, wengine huja wamevaa kama wachumaji ili wapigwe picha, "na usiwaulize maswali mengi, Senge, hawapendi. Wape shamba, bei utaongea jioni."

Jumatatu asubuhi simu ikalia. "Wageni wako wamefika," akasema senge, na nikasikia anacheka, kitu ambacho sikuwa nimekisikia tangu azike mume wake. "Ni wengi. Nimewapa mursik, maziwa yetu ya kibuyuni, sasa wako kwa shamba. Hawa watu wa Nairobi wanajua kuchuma, wewe. Majani mawili na kichipukizi, hawakosei."

Mngeniona nilivyofunga saiba. Nilivaa lile koti la harusi ya dada yangu, nikawaambia majirani wote wa pale sokoni kwamba naenda kupokea watalii niliowaleta kwa akili yangu, nikapanda bodaboda na mikate mapajani.

Kwenye geti la senge niliona gambuti zimepangwa ukutani, bahasha za kaki za kuombea kazi zimewekewa mawe zisipeperuke, na shambani watu wamefunga aprini za nailoni kiunoni, vikapu vyao wenyewe mgongoni, mikono inakimbia. Sikuona mtalii hata mmoja. Senge alikuwa kwenye ngazi na kibuyu cha mursik, amevaa nguo ya Jumapili.

Mwanamke mmoja mtu mzima akatoka kwenye mistari, akatua kikapu mbele yangu. Baadaye nilijua anaitwa Mama Akinyi, watu wake ni wa kule ziwani, lakini yeye alizaliwa kwenye nyumba za wachumaji wa mashamba makubwa, akachuma huko huko mpaka mashine ikachukua nafasi yake. Akaangalia lile koti langu.

"Wewe ndio meneja?" akauliza. "Mwalimu alisema tuanze, tukaanza. Tumepita?"

Nikaanza kueleza. Kueleza mambo ya mtambo wa kutafuta kwa watu waliotoka nyumbani na giza ni adhabu nisiyomwombea adui. Nikasema maneno, nikasema ukurasa, nikasema lengo lilikuwa watalii. Wengine wakaja wakasimama nyuma yake.

"Kwa hivyo hiyo kazi," akasema Mama Akinyi, "uliandika ukijua haiko?"

"Niliandika ili ukurasa upande, Mama."

"Na ulipanda?"

"Ulipanda."

"Sawa," akasema, akaanza kufungua aprini.

Hakuna aliyenitukana, na nilitamani wanitukane. Senge aliweka kibuyu chini taratibu, akakaa kwenye ngazi, na nikaona haya ikimwingia yeye, ambaye hakukosa lolote, kwamba amewatumikisha watu shambani kwake huku akiwachekea. Mchana mvua ikashuka kama kawaida yake. Akainuka, akafungua vyumba vyote vitatu, akawaingiza, akawapikia kila kitu alichokuwa amewanunulia watalii, na majani waliyochuma akaapa kuwalipa kama wachumaji wake, na aliwalipa. Wakala wakiwa wamekaa kwenye ukingo wa vitanda, wanaogopa kuchafua mablanketi. Siku hiyo peke yake ndiyo vyumba vya senge vimewahi kujaa.

Maneno niliyafuta jioni ileile, lakini mtambo ulishagundua ujanja, ukatutupa nje, na leo hata uandike jina kamili la nyumba hutaiona. Stoo ya mbolea imeanza na chumba cha kwanza.

Na watu bado wanakuja, kwa sababu yale maandishi madogo ya mtambo yalipigwa picha na bado yanazunguka kwenye simu zao. Senge huwapa chai, huwaambia ukweli, huwasindikiza mpaka barabarani. Nimeapa neno kazi sitaliandika tena mahali ambapo kazi haiko, hata kwa wino wa maji. Nilimtumia senge kiapo hicho. Alikisoma, na hao wanaotafuta kazi wakifika siku hizi hanipigii tena simu.