Mayai ya Chewa, Mayai ya Tafi

Mwaka ule chuo kilipofungwa ghafla kwa sababu ya mgomo, wenzangu walirudi makwao na magodoro yao. Mimi nilirudi kwetu, mtaa wa Jericho, na samaki wawili hai, chewa mdogo na tafi, kila mmoja ndani ya beseni la maji ya bahari. Mama aliniangalia nikiyapanga kwenye ua wa nyuma, akauliza kama hiyo ndiyo digrii.

Ndiyo ilikuwa digrii yenyewe. Kwenye ngozi za samaki wale waliishi minyoo bapa, wadogo na wangavu kama maji, hivi kwamba ungeweza kumkodolea macho samaki mchana kutwa usiwaone. Nilitaka kujua jambo moja tu: mnyoo wa aina ile ile akikaa kwa chewa na akikaa kwa tafi, je, hutaga mayai sawasawa? Samaki wote wawili walikuwa wameambukizwa ndani ya pipa moja pale maabara. Mayai yale yana vikia vinavyonasa, kwa hiyo nilitumbukiza nyuzi za pamba majini, na kila asubuhi nikazitoa na kuyahesabu kwa hadubini ya kuazima. Baba, dereva wa lori la Mombasa, aliniletea maji ya bahari kwa mitungi na kuwaambia wenzake kwamba binti yake anasomea supu.

Nyuzi za chewa zilijaa mayai. Za tafi zilitia huruma. Nikavimba kichwa, nikampelekea mwalimu wangu daftari nyumbani kwake.

"Pengine chewa ana minyoo wengi zaidi, basi," alisema. "Umewahesabu?"

Sikuwa nimewahesabu. Akaniambia bila hesabu hiyo hana cha kunipa alama, na mwisho ni Ijumaa. Nilirudi kwa miguu hadi Jogoo Road nikimtukana kimoyomoyo, hasa kwa kuwa alisema kweli. Nilijaribu kuwakwangua minyoo kwa kisu butu, wakachanika vipande vipande.

Mtaani kwetu maji ya mfereji yalikuja yalipotaka, na yakija, aliyeko nyumbani hujaza vyombo vya kila jirani. Hakuna aliyeambiwa, ulikua ukiona hivyo. Alhamisi yalikuja nikiwa dukani. Niliporudi nilimkuta jirani yetu, mama aliyeuza sukuma wiki sokoni, amesimama uani kwetu akijifuta mikono, ameridhika kabisa.

"Si maji yamekuja! Nimekumwagia ile ya kunuka, nikawawekea samaki safi. Umewaacha kwa uchafu, wewe msichana, hata huwaonei huruma?"

Nilipiga yowe. Niliwanyakua samaki na kuwarudisha kwenye maji ya bahari yaliyobaki mtungini, kisha nikakaa chini kwenye simiti nikalia kama mtoto. Mama yule alianza kuomba radhi, akashindwa, akaenda kwake na kufunga mlango.

Nilipoinuka kumwaga yale maji matamu, nikaona kitu kwenye kitako cha kila beseni. Vidoa vyeupe. Minyoo! Maji yasiyo na chumvi yalikuwa yamewaangusha wote, wazima, weupe kama ugali. Kitabu changu kilieleza jambo hilo kwenye sura ya mwisho, sura ambayo mimi, kwa ujuaji wangu, sikuifikia.

Niliwahesabu mara tatu. Tafi ndiye aliyekuwa na minyoo wengi! Wengi, lakini wembamba, wamedumaa. Wa chewa walikuwa wachache na wanene, matumbo yao yamejaa. Kwa hiyo haikuwa wingi wao. Ilikuwa ni nyumba waliyopanga.

Ijumaa mwalimu alisoma karatasi yangu hadi mwisho, akauliza nani alinifundisha kutumia maji ya mfereji. Nikamwambia ni jirani yangu anayeuza mboga. Alidhani namtania, lakini alinipa alama nzuri kuliko nilizowahi kupata.

Nilirudi mbio na kugonga mlango wa yule mama. Alifungua kidogo tu, macho chini, kitenge mdomoni. Tangu jana hakuwa ametoka hata kuuza.

"Mama, nimepita. Ni yale maji yako."

Akaachia kile kitenge.

"Kwani mimi pia nimepita?"

"Umepita, mama."

Akatoka hadi katikati ya ua, akapiga vigelegele vilivyowatoa majirani wote nje, na alipoulizwa kuna nini, aliwaambia kwamba amefaulu mtihani wa chuo kikuu.