Priz an sharje

Jumanne nilisimama kwenye dirisha la malipo la kituo cha afya huku Kadutu, nyuma ya papa mmoja mwenye sweta iliyojaa unga. Anaoka mikate kwenye bulanjeri. Mke wake alikuwa amejifungua msichana, na hawangetoka kabla ya malipo. Papa aligeuza mifuko nje, ilikuwa mitupu.

"Papa, ku kazi uko na priz an sharje?" mama wa dirishani akamuuliza.

"Niko nayo!" akajibu kwa fahari. "Kila asubui naendaka na simu yangu, ya bibi yangu na ya batoto. Zote zinajaa."

Mama akalaza kichwa juu ya meza, mabega yakitetemeka kwa kicheko.

"Papa, hapana priz ya ku ukuta, ya kuchomeka simu! Ni bosi ndiye analipaka hospitali. Yako, ya bibi, na ya batoto."

"Hata huyu wa leo?"

"Hata huyu."

Mama akampigia bosi wa bulanjeri kwa simu ya kituo, bosi akakubali palepale. Papa akaruka, unga ukatumwagikia sote, tukapiga makofi.

Mabosi wetu hutangaza mema yao, kama haya ya kulipia matibabu, kwa Kifaransa kirefu. Lakini katika mji ambao umeme hukatika kila mara, ukimtajia mtu priz, atatafuta waya.

Papa akatoa simu ampe mama mkwe habari kule Nyantende. Ilikuwa imezima; alitoka kazini mbio kabla hajaichomeka.

Mama wa dirishani akanyoosha mkono. "Leta, papa. Na hapa tuko na priz."