Mrija Aliopewa Longino

Kila asubuhi kabla ya kwenda kazini, Longino husimama kwenye mlango wa mwenye nyumba wake, mtaa wa Nyamugari mjini Gitega, Burundi, akiwa na kikombe cha maji. Anaweka kidonge mdomoni, anameza, kisha anapanua kinywa. Mwenye nyumba, Zuberi, ambaye ni fundi cherehani, anainama kidogo kuangalia.

"Inua ulimi."

Anainua.

"Bon, imeenda. Mi nilikuwa najua niko fundi wa kanzu, kumbe niko polisi wa meno."

Kazi hiyo ilitakiwa kufanywa na ndugu. Katika kituo cha magonjwa ya akili alikotibiwa, muuguzi Kadidja alimweleza kwamba dawa ile haifai kuachiwa mtu anayeishi peke yake, kwa sababu siku moja ataamka na kuiacha mezani. Alimtaka ataje mke, kaka, dada, hata binamu. Mke wake, Emiliana, alikuwa amerudi kwao Giheta na watoto, na hapokei simu yake. Kaka yake, Nazario, yuko Muyinga, na ndiye mtu ambaye Longino hakutaka ajue kabisa. Akamtaja Zuberi, aliyempangisha chumba wiki chache tu kabla ya hapo. Alikuwa amekichagua chumba hicho kwa kuwa nyumba ni ya Waislamu na hakuna chupa ndani yake.

"We unataka mi nikuangalie unakula dawa, kama mtoto?" Zuberi alimuuliza.

"Ndiyo, bwana Zuberi."

"Na siku ukikatala?"

"Umpigie simu Kadidja."

"Kadidja, mtoto wa jirani Amissi? Huyo ananitisha ata mimi."

Longino alizaliwa kwenye kilima kimoja cha Muyinga na kuvuka mpaka mgongoni mwa mama yake vita vilipoanza. Alikulia kambini Tanzania. Huko alisoma, huko alijifunza useremala, na Kiswahili chake hadi leo ni cha huko. Kambi ilipofungwa alirudi kupitia mpaka wa Kobero akiwa na mke, watoto na sanduku la misumeno na randa. Baba yake alikuwa amekufa vitani, mama alikuwa amezikwa kambini. Aliyebaki kilimani ni Nazario, kaka yake wa baba mmoja, ambaye hakukimbia na alikuwa akililima shamba lote la baba peke yake.

Nazario hakumfukuza. Hakumgawia pia. Alimpa kibanda na mahali pa kupanda maharage, na kila jioni alimwita kwenye mtungi wa pombe ya ndizi, ambayo mkewe Imelda huipika na kuiuza nyumbani. Wanaume wa kilima walimwita Longino "Mtanzania" kwa sababu ya Kirundi chake. Akinywa nao, jina hilo lilisahaulika hadi asubuhi. Akanywa.

Alipohamia Gitega na familia yake kutafuta kazi ya samani, hapakuwa na mtungi wala watu wa kuuzunguka. Alinunua kanyanga, pombe kali ya magendo, akanywa chumbani mlango ukiwa umefungwa. Mkono wake ukafika mahali haushiki randa mpaka kwanza anywe. Emiliana aliondoka baada ya kumwambia, bila kupandisha sauti, kwamba hawezi kulea watoto na mtu asiye na shamba wala asubuhi.

Alijaribu kuacha mwenyewe. Siku chache baadaye alianguka karakanani, akakakamaa na kuuma ulimi. Wenzake walidhani ni kifafa. Kadidja alimweleza kwamba mwili uliozoea pombe kwa miaka ukinyimwa ghafla unaweza kumuua mtu, na kwamba kuacha namna hiyo ni jambo la kufanyia kitandani, chini ya macho ya wauguzi. Akalazwa. Alipewa sindano za vitamini, na vidonge vya kutuliza vilivyopunguzwa kidogo kidogo. Aliona siafu wakipanda ukutani, ambao hakuna mwingine aliyewaona. Katika hospitali za Burundi mgonjwa hulishwa na ndugu zake; Longino alilishwa na ndugu wa mgonjwa wa kitanda cha jirani, waliokuwa wakimwachia sahani bila kumuuliza jina.

Siafu walipokwisha, ndipo akapewa disulfiramu. Dawa hiyo haiondoi hamu ya pombe. Inachofanya ni kuugeuza mwili uikatae: anayeimeza akinywa pombe, huugua papo hapo.

"Ata tone," Kadidja alimwambia. "Ata ile ya kutia ku mchuzi. Na usijidanganye eti leo simezi, kesho ninakunywa. Inabaki mu mwili siku nyingi. Umeelewa?"

"Nimeelewa, dada."

"Umeelewa na kichwa. Mi nataka uelewe na tumbo."

Alikuwa na miezi kadhaa bila pombe Nazario alipopiga simu. Wazee waamuzi wa kilima, wanaoitwa bashingantahe, walikuwa wamekubali shamba ligawanywe. Jumamosi aje.

Longino alikuwa akilingoja neno hilo tangu siku aliyovuka Kobero. Akiwa na shamba, angeweza kwenda Giheta na kumwambia Emiliana jambo jipya. Kadidja alimsihi amweleze kaka yake habari ya dawa kabla hawajaketi. Longino aliitikia, lakini hakukusudia kufanya hivyo. Alihofia wazee wakisikia amelazwa na wagonjwa wa akili watasema mtu kama huyo hakabidhiwi ardhi, kaka yake aendelee kumlimia. Hakuna aliyewahi kumwambia hivyo. Yalikuwa mawazo yake, na hakuwa na wa kumuuliza.

Jumamosi wazee walipima, wakagawa, wakapanda miche ya minyaa mpakani. Kisha Imelda akaleta mtungi. Desturi inajulikana na kila mtu: mwenye pombe hunywa kwanza, watu waone, halafu humpa mgeni mrija wa kwake peke yake. Kuukataa ni kusema hadharani kwamba unaogopa sumu.

Nazario alinyonya, akajifuta, akatoa mrija mwingine.

"Tumbo linanisumbua, kaka," alisema Longino.

"Tumbo," alirudia Nazario, akiwatazama wengine.

"Huko kwao walimzoesha chai," alisema jirani mmoja, Sebastiani, na watu wakacheka.

"Mrija ni mpya, mdogo wangu. Nimeukata mwenyewe asubuhi."

Mkubwa wa wazee, Gervasi, hakucheka. "Longino. Shamba umelipokea mkononi mwake. Mrija hupokei?"

Longino anasema aliwaza kwamba mafunda machache hayatamdhuru. Akanyonya. Watu walipiga makofi, na kwa muda mfupi alikuwa mtu wa kilima kile. Kisha uso ukawaka moto, kichwa kikaanza kupiga pamoja na moyo, akatapika mbele ya wazee, akaanguka. Alisikia mwanamke akisema neno "sumu". Kitu cha mwisho alichokiona, anasema, ni miguu ya Nazario, imesimama palepale.

Walimbeba hadi kituo cha afya. Muuguzi wa zamu, Pili, alimtundikia dripu, na alipoona anaweza kusema, akamuuliza kama kuna dawa anayotumia.

"Hakuna," alijibu Longino. Mzee mmoja alikuwa amesimama mlangoni.

Kilima kiliamua mambo haraka. Ni kweli kwamba wengine walikunywa kwenye mtungi uleule na hawakudhurika. Lakini mtungi ni wa wote na mrija ni wa mtu mmoja, na Nazario alikuwa amesema kwa kinywa chake kwamba mrija ule ameukata mwenyewe. Maneno aliyoyasema kumtoa mdogo wake wasiwasi yakawa ushahidi. Wazee wakatamka kwamba shamba lote, si nusu, ni la Longino.

Longino alipewa habari hiyo akiwa bado kitandani. Alishukuru, akapanda basi la Gitega.

Baada ya majuma mawili Imelda alimpigia.

"Shemeji, unaendeleaje?"

"Naendelea vizuri."

"Mungu ashukuriwe. Sisi hapa pombe nimeimwaga yote. Hakuna anayeingia uani. Kisimani wananingoja niondoke ndipo wachote." "Shamba chukua, shemeji, sikupigii kwa ajili hiyo. Nataka kukuuliza jambo moja. Wewe unaamini ni yeye?"

"Sikusikii vizuri," alisema Longino, akakata simu.

Mtandao ulikuwa mzuri. Zuberi, aliyekuwa akipiga pasi hatua chache kutoka hapo, alimsikia Imelda neno kwa neno, na akataka kujua yote. Longino alimweleza. Zuberi aliiweka pasi pembeni.

"Donc mtu anaitwa mulozi, mtia sumu, juu ya kidonge."

"Ndiyo."

"Kidonge mi nimekiona kinashuka. Na macho yangu." Alifikiri. "Basi na mimi niko ndani. Utaenda we, ao niende mi?"

"Nikisema, nitalikosa shamba."

"Unaweza likosa. Mi sikuuliza ile. Nimeuliza nani anaenda."

Alikwenda mwenyewe. Jumapili, watu walipotoka misani, alimwomba Gervasi awakusanye uwanjani. Nazario alikuja na kusimama ukutani. Nafasi iliyomtenga na jirani yake ingetosha watu watatu. Longino alitoa vidonge mfukoni, akasema kwamba hakulishwa sumu, kwamba ameugua kwa dawa yake mwenyewe, na kwamba alinyamaza kwa hiari yake.

"Dawa ya nini hasa?" aliuliza Gervasi.

"Ya ulevi, mzee. Nililazwa."

"Wapi?"

"Gitega. Kwa wagonjwa wa akili."

Sebastiani ndiye aliyeanza kusema. "Dawa ya ulevi? Na anayeumwa njaa apewe dawa ya ugali." Wakacheka. "Nazario amekuahidi nini wewe?"

"Hakuna alichoniahidi. Hatujasemezana."

"Basi rahisi. Uletwe mtungi wa kwangu, anywe. Akianguka, tumeamini."

Longino alijibu kwamba yuko tayari. Pili, muuguzi wa kituo cha afya, alikuwa miongoni mwa wanawake nyuma. Alipita mbele, akavichukua vidonge, akasoma maandishi yake.

"Nilikuuliza," alisema.

"Uliniuliza."

"Ukasema hakuna."

"Nilisema hakuna."

Alimgeukia Gervasi. "Mzee, dawa hii naijua. Anayosema ni kweli, na yote niliyoyaona siku ile yanatokana nayo. Mkimpa pombe tena, mtambeba kwenda makaburini, msije kwangu."

Gervasi alizungumza na wenzake faraghani. Waliporudi alitangaza kwamba Nazario hana doa, na kwamba mgawanyo ni ule wa kwanza, nusu kwa nusu. Ugonjwa wa Longino hakuutaja. Haukuwa umemnyima chochote. Halafu akasita.

"Lakini ugawaji hufungwa kwa kunywa pamoja. Wewe tukufunge na nini?"

Mtu mmoja alipendekeza Fanta. Gervasi alisema Fanta ni ya watoto wa komunyo. Walingoja kidogo kama kuna mwenye wazo jingine, kisha wakatawanyika, na shauri likabaki hivyo.

Nazario alimsindikiza mdogo wake hadi barabarani.

"Ungeniambia," alisema Nazario.

"Niliogopa utasema mimi ni mwendawazimu, shamba nisipewe."

Nazario aliwaza. "Labda ningesema," alijibu.

Hayo yana zaidi ya mwaka sasa. Longino huenda Muyinga mara kwa mara kulima nusu yake, na hurudi Gitega siku hiyohiyo kwa sababu hana pa kulala asipotaka kulala karibu na mtungi. Emiliana ameelezwa habari ya shamba kupitia kwa dada yake mwenyewe. Hajajibu. Karakanani kazi ni nyingi tangu wizara zihamie mjini, na meza zake hazichezi. Mchana hula peke yake; wenzake hula kwenye baa ya jirani.

Ua wa Imelda umejaa tena. Jumamosi moja ya masika, jua likielekea kushuka, Longino alikuwa akikung'uta udongo kwenye jembe, na kelele za wanaume zikamfikia waziwazi hata akamtambua Sebastiani kwa kicheko chake. Hakuna aliyemcheka yeye. Walikuwa wakizungumza habari za mbuzi fulani. Walipomwona walimpungia mkono kwa adabu, kama watu wanavyompungia mpita njia, wakaendelea.

Nazario alitoka, akaja hadi mpakani.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza, kaka."

"Maharage yamekubali upande wako."

"Yamekubali."

"Ningekukaribisha," alisema Nazario.

"Najua."

Uani mtu akaita jina la Nazario, akasema zamu yake inapita. Nazario alimtazama mdogo wake, akagusa mpini wa jembe la Longino badala ya kumshika mkono, akarudi alikoitwa. Longino akachukua koti lake na kwenda kusubiri basi.