Programu Iliyosema Sawa

Mwaka niliorudi kukaa nyumbani, nje kidogo ya Runyenjes, Embu, hakuna aliyeelewa nafanya kazi gani. Mama aliwaambia wenzake wa kanisani kwamba natengeneza kompyuta, wakaanza kuniletea simu zilizoingia maji. Nilichoka kueleza. Baba peke yake ndiye aliyeuliza mpaka akaelewa. Alikuwa amefundisha shule ya msingi maisha yake yote na hakuwa na haya ya kuuliza.

Nilimweleza hivi. Ndani ya kompyuta moja unaweza kuendesha nyingine isiyo na mwili. Sisi wa kazi hiyo tunaiita mgeni. Mgeni anaamini ana diski yake na saa yake, kumbe hana kitu. Akitaka jambo asiloweza kujifanyia, anasimama palepale na kuita, na kila wito una namba yake. Kerneli, yaani sehemu ya mfumo inayoshika mashine yenyewe, inaupokea. Ikiona hauihusu, inaupitisha nje kwa programu ya kawaida, na programu hiyo ndiyo niliyokuwa naiandika mimi. Inasoma namba, inafanya kilichoombwa, inaandika jibu mahali pake, halafu mgeni anaachiliwa aendelee. Muda huo wote amesimama na hajui kwamba amesimama.

"Na ukiitwa kwa namba usiyoijua?" Baba akauliza.

"Unajibu hujui."

"Hapo sawa," akasema, akarudia chai yake.

Ni yeye aliyenirudisha nyumbani. Alikuwa amepata kiharusi, mkono wa kulia haushiki kalamu tena, na daktari alikuwa ametuonya kwamba maneno yangemtoka kidogo kidogo. Naye alikuwa na jambo moja tu alilolitaka: kuandika maneno ya zamani ya Kiembu, ya shambani, ya mtoni na ya jikoni, kabla hayajamtoka. Nikampa kompyuta yangu ya zamani, na ndani yake nikamwekea mgeni wangu aandikie humo. Niseme ukweli, haikuwa huruma tupu. Nilihitaji mtu wa kumtumia mgeni kutwa nzima ili nione makosa yangu. Nilimfanya baba yangu mzazi kifaa cha majaribio, na nikajiona mjanja.

Lakini asubuhi zile zilikuwa tamu. Anakaa barazani na blanketi magotini, anabonyeza kwa kidole kimoja cha mkono wa kushoto, pikipiki zinashuka barabarani na magunia ya kahawa. Akimaliza neno analitamka kwa sauti, kisha anamwita Mama alithibitishe. Mama hakubali kamwe. Siku ya muraru, ndizi ile ya kuiva, walibishana kama ni ile fupi nene au ile ndefu hadi chai ikapoa, na mwishowe Mama akaenda shambani kukata mkungu uwe ushahidi. Ningetoa chochote niusikie tena ubishi ule.

Shida ilikuwa kelele za mgeni. Kila akiamka aliita namba nyingi ambazo sikuwa nimeziandikia kazi, na akijibiwa "sijui" alijaza kioo mistari myekundu ya malalamiko. Baba alishtuka. "Mama, imekasirika?" ananiuliza, aliniita Mama kwa kuwa nimepewa jina la mamake. Siku moja nikachoka. Nikaandika mstari mmoja: namba yoyote usiyoijua, jibu sifuri. Katika kazi yetu sifuri ni kusema sawa, imefanyika. Kioo kikatulia, nikajipongeza.

Kwetu mtu haambiwi hapana usoni. Ukiombwa jembe ambalo huna, husemi huna. Unasema sawa, tutaona, na aliyeomba anaelewa, anaenda kuuliza kwa jirani. Nimelelewa hivyo na nikaiandika programu yangu hivyo. Ila mgeni wangu hakuzaliwa Embu. Yeye akiambiwa sawa, anaamini.

Na kati ya namba nilizozipuuza ilikuwemo ile ya kuagiza kwamba yaliyoshikwa kichwani sasa yaandikwe kwenye diski. Kila Baba alipobonyeza kuhifadhi, mgeni aliita, programu yangu ikajibu sawa, na hakuna kilichoandikwa. Hatukugundua kwa sababu kompyuta hatukuizima. Jioni tulifunga kifuniko tu. Kisha ikaja mvua ya masika, stima ikapotea siku mbili, betri ikaisha. Iliporudi, Baba alifungua akakuta ukurasa mtupu. Wiki tisa za kidole kimoja zilikuwa zimekwenda.

Nilisoma programu yangu asubuhi nzima hadi nikauona ule mstari. Nilijitukana matusi ambayo Mama hajui kwamba nayajua. Shangazi, aliyekuwa amekuja kumjulia hali Baba, akaniambia maji yakimwagika hayazoleki, na nusura nimjibu vibaya. Ningeweza kuilaumu stima. Stima inalaumiwa na kila mtu na haijitetei. Nilitoka kwenda barazani nikiwa tayari na uongo huo mdomoni, nikamwona ananingoja na mkono wake umelala pajani, nikashindwa. Nikamweleza yote, hadi ule mstari.

"Miaka yote ile," Baba akasema polepole, "nikiuliza mmeelewa, darasa zima, ndiyo mwalimu. Na nusu hawajaelewa. Sasa na wewe umeifundisha mashine." Akacheka kwa ule upande wa mdomo uliokuwa bado unacheka. Mimi nililia. "Tengeneza," akaniambia, "tuanze tena."

Nikatengeneza. Wito wa diski ukafanya kazi yake, na namba nisizozijua zikarudi kujibiwa sijui. Mistari myekundu ikarudi nayo, Baba akaizoea.

Lakini ile mara ya pili alikwenda polepole zaidi, na siku nyingine aliandika neno moja tu. Asubuhi moja alianza na maana kabla ya neno: maji yanayobaki katikati ya jani la nduma, magimbi ya mtoni, baada ya umande, yasiyolowesha jani. Kidole kikabaki hewani.

"Hili nililiandika mara ya kwanza," akasema. "Wewe ulilisoma hapa begani kwangu, ukacheka."

Ni kweli nilicheka. Nakumbuka kucheka, nakumbuka hata sweta niliyovaa. Neno lenyewe sikulishika, kwa nini nilishike na lilikuwa kwenye kompyuta? Tukamwita Mama. Kwa mara ya kwanza Mama hakubisha. Hakulijua. Baba akaacha nafasi mahali pa neno, akabonyeza kuhifadhi, akaomba uji.

Alifariki kabla ya mavuno ya kahawa. Orodha yake ninayo, nimeinakili mahali patatu. Nimewauliza wazee wengi wa kwetu. Wengine wananipa neno la umande, wengine la mvua, wengine wanasema sawa, watakumbuka. Huwa nashuka mtoni asubuhi, nasimama penye nduma, nayatazama maji yale juu ya jani. Sina neno la kuyaita.