Kuku Aliyemfundisha Mkwe Wangu Kunoa

Mimi majina hayanipotei. Waliokuja kwenye harusi ya binti yangu nawataja wote, hata yule aliyefuata wali tu. Jina moja sijalitamka maishani mwangu, nalo ni la mkwe wangu, na sitaanza leo. Kwetu Wasukuma mama mkwe na mume wa bintiye hawazoeani. Hatupeani mkono, hatutazamani usoni, na neno likilazimu hupitia kwa mtu mwingine. Desturi nzuri sana, hasa mkwe anapotaka kukuangushia mti kitandani.

Mti wenyewe ni mkaratusi alioupanda marehemu mume wangu kwa akili zake zote, karibu kabisa na ukuta wa nyuma. Upepo ulikuwa umeuinua mizizi upande mmoja, ukawa unayumba juu ya bati, na mvua za vuli ziko njiani. Ungeangukia nyumba ningelala wapi? Ninayo hiyo moja. Binti akasema nisihangaike, mume wake ana msumeno wa mashine, anawakatia wachimbaji matimba, yale magogo ya kuzuia mashimo ya dhahabu yasiporomoke, na Runzewe nzima inamjua. Kama Runzewe nzima inamjua, mimi ni nani nitie shaka?

Akaja na pikipiki na miwani myeusi. Akaketi juu ya kinu changu, maana viti vitatu nilivyomtolea havikumfaa, akatoa tupa aanze kunoa cheni. Meno ya upande wa kulia aliyanoa kwa nguvu, huku anapiga mluzi. Ya kushoto, ambayo lazima ugeuze mkono ndipo uyafikie, aliyapitia kama mtu anayempaka mtoto mafuta. Mume wangu alikuwa mpasua mbao. Nimemshikilia msumeno wake akinoa mpaka nikaota sugu, na najua kwamba msumeno ulionolewa upande mmoja hutembea kama mlevi anayerudi kutoka kilabuni. Nami nilikuwa mlangoni nachambua choroko, kuku wangu mwekundu miguuni.

"Wewe kuku," nikasema, kwa sauti ya kusikika, "jino la kushoto nalo ni jino."

Mkwe hakuinua macho. Akamwambia kuku, "Mweleze mwenyeji wako kwamba hii ni mashine. Siyo ule msumeno wao wa kuvutana."

Binti akanisihi nimwache, mumewe amejifunza kunoa kwenye simu. Kisha akachukua ndoo akaenda zake kisimani.

Wanaume wawili wa jirani wakashika kamba iliyofungwa juu ya mti, wauvutie shambani. Mashine ikanguruma. Msumeno wenye makali hurusha vibanzi. Huu ulisaga unga mweupe, laini, nikamwuliza kuku kama tuinjike maji ya ugali. Moshi ukatoka kwenye mti. Mkwe akausukuma msumeno kwa tumbo, na kadiri alivyosukuma ndivyo mkato ulivyopinda, ukapanda juu upande mmoja. Mti ukalia. Kilele kikaacha kutazama shambani, kikageukia bati langu.

Nikatafuta wa kumtuma. Binti yuko kisimani, wale wa kamba wako mbali shambani. Kuku alikwisha kimbia kelele.

"Baba, zima!"

Akazima. Akanitazama usoni, nami nikamtazama, mara ya kwanza tangu harusi. Halafu kila mmoja akapata kitu cha kuangalia chini.

Alirudi kwenye kinu changu, akachukua tupa, akanoa meno ya kushoto, jino kwa jino, yalingane na ya kulia. Mluzi haukusikika. Aliporudi mtini, vibanzi vikaruka mpaka kwenye choroko zangu. Ila mkato wa kwanza ulishapinda, na mti hausahau. Ukashuka ukijisokota, ukaikwepa nyumba, ukalala juu ya choo.

Mabati yote yalipona. Choo tulikizika palepale.

Wazee wakaitwa. Wakasema nimevunja mwiko kwa kumpazia mkwe sauti, mbuzi atolewe, akatolewa wangu. Mwiko mwingine unamkataza mkwe kusogelea choo cha mama mkwe, kwa hiyo nani achimbe kipya? Wakatafuna, wakatafakari, wakaamua kwamba choo ambacho hakijakuwepo bado hakina mwiko.

Basi akachimba yeye, na kuta akazizuia kwa matimba, kama duara, lile shimo la wachimba dhahabu. Kuku aliporudi kuparura pale ukingoni, sauti ikatoka shimoni ikamwuliza kama kina kinatosha.

Nikasogea, nikachungulia.

"Mwambie wabeja, namshukuru, kina kinatosha," nikamwambia kuku. "Ila ukuta wa kushoto nao ni ukuta."