Kuku wa Mama na Kopo la Rangi Nyekundu

Fundi rangi alikuwa mtu wa maneno machache, na hata hayo machache aliyatoa kwa taabu, kama anang'olewa jino. Kazini jambo hilo lilimfaa. Ukuta hauhitaji mazungumzo. Unataka kusuguliwa msasa, kupakwa rangi mara ya kwanza, kuachwa ukauke, kisha kupakwa mara ya pili. Wenye nyumba walimsifu kwamba anaingia kwa watu asubuhi na kutoka jioni bila kuchukua siri ya mtu. Ukweli ni kwamba siri alizisikia zote, ila hakujua aanzie wapi kuzisimulia.

Nyumbani mkewe aliongea kwa niaba ya wote wawili, na kwa miaka mingi mpango huo ulikwenda vizuri. Kisha mama yake fundi akahamia kwao.

Mama alikuwa akiishi peke yake katika nyumba iliyooza paa, na mara mbili majirani walimkuta ameanguka uani, hawezi kuinuka. Dada yake fundi alikwenda kumchukua akarudi mikono mitupu. Fundi alipokwenda yeye, hakubembeleza wala hakubishana. Alikaa tu mlangoni kwa mama yake siku nzima, kimya, mpaka mama akachoka kumtazama.

"Haya, nakuja," alisema. "Lakini nakuja na kuku wangu watatu. Siku watakapofukuzwa wao, ujue na mimi nimefukuzwa. Narudi kwangu, paa liniangukie vizuri."

Fundi akaitikia kwa kichwa. Hakusema kwamba kwake kulikuwa na kuku watano wa mkewe, nao walikuwa na serikali yao.

Mkuu wa serikali hiyo alikuwa kuku mnene wa kahawia, aliyeitwa Mwenye Nyumba. Hakuna kuku aliyekula kabla yake, hakuna aliyekunywa kabla yake, na mke wa fundi alipofagia uani alimzunguka. Akiamua kulala katikati ya njia, watu walipita pembeni.

"Hawa hawaingizwi kichwa kichwa," mke alisema alipoliona tenga la mama mlangoni. "Wageni wakae pembeni kwanza. Waonane, wasigusane."

Fundi akaugawa ua kwa wavu wa waya. Upande huu watano, upande ule watatu, kila upande na chakula chake na maji yake. Wiki ya kwanza Mwenye Nyumba alitembea kando ya waya kama askari wa zamu. Wale watatu walikula haraka haraka, jicho moja kwenye pumba, jicho moja kwake.

Ndani ya nyumba hakukuwa na waya. Mama alipewa chumba cha binti yao aliyeolewa, kilichotazamana na jiko, na kati yake na mkwewe kulikuwa na pazia tu. Hawakugombana hata siku moja. Waliongea kwa heshima kubwa, na heshima ile ilikuwa na miiba.

"Mkwe wangu," mama angesema akiwa kwenye kigoda chake uani, "kuku wako wanawatazama vibaya hawa wangu."

"Hapana, mama. Kuku ana macho ya pembeni, akitaka kukuona lazima apinde shingo."

"Kuna na watu wenye macho hayo."

"Wapo, mama. Wala hatuendi mbali kuwatafuta."

Hapo fundi angekohoa, angeinuka, na kwenda kukaza waya ambao haukuwa umelegea.

Siku zikapita. Kuku wakazoeana. Adhuhuri walianza kulala wakiwa wameegemea waya, wa huku na wa kule, mabawa yanagusana. Mke akatangaza kwamba Jumamosi waya utaondolewa, na fundi akashusha pumzi. Kuku wakipatana mama atatulia, na mama akitulia hatarudi kuanguka peke yake kule kwenye paa bovu. Hilo ndilo alilolitaka kuliko kitu chochote, na hakuwa amemwambia mtu.

Ijumaa, wakiwa mezani, mama akauliza, "Sasa wakichanganyika, nitawajuaje wangu?"

Lilikuwa swali la haki. Wote wanane walikuwa wa kahawia.

"Mama, kuku wote watakula humu humu," mke alisema.

"Kula watakula. Nauliza kutaga."

"Yai ni yai, mama."

"La kuku wangu ni langu."

Mke akaweka kijiko chini, polepole sana. Fundi alimjua mkewe, na kijiko kile kilimtisha kuliko makelele. Usiku ule hakupata usingizi mzuri, lakini asubuhi aliamka na jibu, na kama kawaida yake jibu lilikuwa ndani ya kopo.

Alikuwa na rangi nyekundu ya mafuta iliyobaki kwenye mlango wa duka la dawa. Kabla wanawake hawajatoka nje, aliwakamata kuku wa mama mmoja mmoja akawatia kila mmoja doa mgongoni, duara safi, kubwa kama kifuniko cha chupa. Alipaka mara ya kwanza, akaacha ikauke, akapaka mara ya pili. Kazi ni kazi. Kisha akakaa kwenye ngazi akiona kwamba, kwa mara ya kwanza katika maisha yake, amemaliza ugomvi kabla haujaanza.

Mama alifurahi. Mke alitazama doa, akamtazama mumewe, akasema tu, "Sawa, Fundi." Waya ukaondolewa.

Kwa muda mfupi palikuwa na amani. Mwenye Nyumba alisogea, akainamisha kichwa upande mmoja, akalitazama doa kama mtu anayesoma tangazo. Kisha akalidonoa. Akalidonoa tena. Wale wanne wengine wakaja mbio kuona kuna nini, wakaona, wakasaidia. Kuku wa mama walikiona cha mtema kuni. Manyoya yaliruka mpaka jikoni. Wawili walijipenyeza chini ya tangi la maji, na wa tatu alitoka mgongo wazi, unavuja damu.

"Umeona, mwanangu?" mama alisema. "Wiki zote hizi kumbe walikuwa wanafundishwa chuki."

"Mama, kuku wangu hawana neno na mtu," mke akajibu. "Labda hao wamekuja na maringo."

"Maringo! Kuku yuko chini ya tangi, hayo maringo ameyaweka wapi?"

Fundi akaurudisha waya. Jumapili wakajaribu tena wale wawili wazima, yakawa yale yale. Jioni ile mama alilitoa tenga lake, akalipangusa vumbi, akaliweka mlangoni mwa chumba chake. Hakupiga kelele. Alisema kesho mwanawe akitoka kazini amsindikize.

Jumatatu fundi alikwenda kwenye lile duka la dawa kupaka madirisha, na kutwa nzima alijifunza la kumwambia mama yake. Aliuambia ukuta. Aliuambia vizuri sana: kwamba asiende, kwamba yeye hulala akiwaza atamkuta uani ameanguka, kwamba kuku ni kuku lakini mama ni mmoja. Ukuta ulimsikiliza mpaka mwisho. Kwa jinsi alivyozama katika maneno yale, hakuona tone la rangi lilipotoka kwenye brashi likatua juu ya ukucha wa dole gumba la mguu wake wa kulia.

Alifika nyumbani maneno yakiwa bado yapo yote mdomoni. Mama alikuwa amekaa uani juu ya kigoda, tenga miguuni, kuku wake tayari wamo ndani. Mke alisimama mlangoni mwa jiko, mikono ameikunja. Fundi akavuta pumzi.

"Mama," alianza, "mimi nilikuwa..."

Mwenye Nyumba akavuka ua mzima na kumdonoa dole gumba.

Fundi aliruka. Kuku akamfuata. Wale wanne wengine wakaja mbio kuona kuna nini. Fundi akarudi nyuma, kandambili moja ikabaki njiani, akapanda juu ya ndoo iliyopinduliwa. Maneno yote ya mchana kutwa yakamtoka kichwani. Akatazama chini, akauona ukucha mwekundu. Akashusha mguu wa kushoto: Mwenye Nyumba hakuwa na habari nao. Akashusha wa kulia: akadonolewa. Akarudia, kushoto, kulia, akadonolewa tena.

"Fundi," mke aliuliza, "hiyo ni ngoma gani?"

"Rangi," alisema fundi.

"Rangi imefanya nini?"

"Hawana neno na kuku wa mama. Wanafuata nyekundu. Ni mimi niliyewaponza."

 Wanawake wale wawili wakatazamana, na haikuwa kwa macho ya pembeni.

"Mkwe wangu," mama alisema, "huyu mtu ulimtoa wapi?"

"Kwako, mama. Nilipewa hivi hivi."

"Mimi nilikupa mzima. Hii ya kupaka kuku rangi ameijulia huku."

"Tena alipaka mara mbili, mama!"

"Akaacha ikauke!"

Walicheka mpaka mama akashika mbavu, mpaka mke akakaa chini mlangoni na kujifuta machozi kwa kanga. Fundi alibaki juu ya ndoo, kwa kuwa Mwenye Nyumba alikuwa bado anamsubiri.

Jioni ile ile mke aliwashika kuku, mama akayakata manyoya yenye rangi kwa mkasi. Yule mwenye kidonda alibaki nyuma ya waya mpaka mgongo wake ulipoota manyoya. Wawili wakaingizwa, wakawekewa chombo cha pili cha chakula. Mwenye Nyumba alimdonoa kila mmoja kichwani mara moja tu, kwa utaratibu, akaenda zake kulala njiani. Tenga likawekwa bandani lijazwe nyasi, na kuku wote wanane wakang'ang'ania kutaga humo. Habari ya yai la nani haikusikika tena.

Habari iliyosikika ilikuwa ya kidole. Kila mgeni alisimuliwa, mama akianza na mkwewe akimalizia. "Onyesha kidole, mwanangu," mama angesema, na fundi, kichwa chini, angesogeza mguu mbele. Mafuta ya taa angeyapata popote pale, lakini rangi ile hakuitoa. Ukucha ulikua taratibu, doa likasogea mpaka ncha, mwishowe likakatwa.

Halafu, alasiri moja, fundi alikuwa pembeni ya nyumba akiosha brashi zake, akasikia sauti kutoka jikoni.

"Mkwe wangu, nani amevuta pazia la chumba changu?"

"Upepo, mama."

"Upepo wa siku hizi una mikono."

 Fundi alifungua lile kopo la nyekundu, akaivua kandambili ya kulia, akapaka ukucha mara ya kwanza. Akaacha ukauke. Akapaka mara ya pili. Kisha akaingia uani, akaenda kusimama karibu na Mwenye Nyumba.