Mwanafunzi Tuliyemtoa Darasani

Siku yangu ya kwanza kazini, Mkuu wa Kitengo, Bi mmoja wa sauti ya upole, alinikalisha mbele ya kompyuta ya darasa la mtandaoni katika chuo chetu cha ualimu, Mji Mkongwe. "Kazi yako ya ubawabu," akanambia. "Anayebisha mfungulie, mwenye kelele mnyamazishe." Kunyamazisha ni kuzima kipaza sauti cha mwanafunzi, jogoo wa kwao asimkatize mhadhiri. Mie na cheti changu cha kidato cha nne nikajiona rubani.

Mkataba wangu umekwisha, basi nyie mnaoanza leo sikieni. Mtandao ukisuasua, tulirekodi somo, wanafunzi wakalipakua baadaye. Walipozidi wale ambao jina liko darasani, mwenyewe yuko sokoni, Mhadhiri wa Saikolojia akaweka sharti: kamera wazi, au utolewe. Wakaanza kutaniana kwenye kisanduku cha ujumbe, nacho nikakifunga. Darasa likatulia, tukasifiwa.

Bi Mwanahawa wa Tumbatu, mwanafunzi mtu mzima, hakufungua kamera wiki tatu.

"Huyu kalala," mhadhiri akasema mbele ya wote. "Mtoe."

Nikamtoa. Aliyetolewa huhesabiwa mtoro, basi jina lake likafutwa kwenye mtihani wa mwisho. Mwaka mzima wa masomo ukaenda bure.

Roho haikutulia. Nikampigia simu.

"Naam."

"Shikamoo, Bi Mwanahawa. Mbona kamera hufungui?"

"Marahaba, mwanangu. Niko eda. Mume wangu kafariki. Humo darasani wanaume tele, ntawaonesha vipi uso wangu?"

Nikampa pole. Chuo kizima watu wa hapa hapa. Nani asiyejua kwamba mjane hukaa ndani miezi minne na siku kumi? Na hatukuuliza.

"Kwa nini hukutwambia?"

"Nimwambie nani? Kila nikifungua mdomo, wewe wanizima."

Nilimpelekea mhadhiri habari. Akavua miwani. "Na mie nkamwita mlalaji," akasema polepole, akaondoka kwenda kwa Mkuu wa Kitengo, chai yake kaiacha inafuka.

Jina likarudishwa. Bi Mwanahawa akafanya mtihani kwa sauti, akisikilizwa na Bi Mkuu na mimi tu, wanawake peke yetu. Akafaulu.

Sasa niko nyumbani Mtoni, kazi sina, ndoto tele. Nataka kufungua darasa la sauti tupu, kwa walio eda na wanaonyonyesha. Ualimu nimempa Bi Mwanahawa.

"Ntafundisha," kanijibu, "lakini kitufe cha kuzima nshike mie."